Barua ya Wazi kwa Mganga Mkuu wa Manispaa Yetu: Tuvueni Viatu

Dar es Salaam

Ndugu Mganga Mkuu,

YAH: SIKU YA NGOZI ULIYOTUAHIDI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakusalimu kwa heshima zote, Daktari, nikitumaini u mzima wewe na familia. Mimi ni fundi viatu. Kijiwe changu kipo nje ya zahanati ambayo ulikuja kuzindua jengo lake jipya. Huenda unanikumbuka: siku ile mgambo walinihamisha na benchi langu ili gari lako lipate pa kuegesha. Sikuona vibaya, mgeni njoo.

Chini ya turubai ulisema maneno mazuri. Ulisema saratani ya ngozi ikiwahiwa hukatwa ikaisha, na kwamba kila mwezi zahanati yetu itakuwa na siku moja ya kuangalia ngozi za watu, bure, na mtaalamu atashuka kutoka hospitali ya rufaa. Tulipiga makofi, akina mama wakapiga vigelegele. Sasa rangi ya jengo imeanza kubanduka na siku ya ngozi haijafika. Niliuliza dirishani, nikaambiwa bajeti. Nikamuuliza mwenyekiti wa mtaa, akasema suala liko mezani. Meza hiyo lazima ni kubwa sana.

Ningeendelea kunyamaza kama si jambo la wiki iliyopita. Jirani yangu ana kijana mwenye ualbino, anauza maji stendi, kutwa yuko juani. Ametoka kidonda juu ya sikio. Kinakauka, kinaota gamba, gamba likibanduka kinatoa damu, kisha kinarudi palepale. Mama yake akamleta. Aliyemhudumia hakuinuka kitini. Hakumwambia hata avue kofia. Akamwandikia kipimo cha malaria na cha mkojo, maana siku hizi kila anayeingia pale hatoki bila UTI, halafu akampa tyubu ya dawa ya fangasi. Yule mama alipotoka alinionyesha tyubu ile. Nilitetemeka mikono, kwa sababu naijua. Ndiyo aliyopewa dada yangu.

Daktari, dada yangu mkubwa ni mama lishe. Maisha yake yote amesimama jikoni na kandambili. Aliota doa jeusi kisiginoni. Wenye hekima wa mtaa wakasema ni sugu, akawa analikwangua kwa wembe kila baada ya kuoga. Likaanza kupanuka, ukingo wake umechongokachongoka, huku jeusi, kule kahawia. Shangazi akasema amekanyaga dawa iliyotegwa mlangoni, akapelekwa kwa mtaalamu wa aina nyingine huko nje ya mji, akachanjwa. Haya ni ya kwetu, sikulaumu wewe. Lakini zahanati alikwenda pia, tena mara nyingi, na kila mara alipimwa presha, akapimwa uzito, akatobolewa kidole. Mguu aliokuja kuulalamikia ulibaki ndani ya kandambili. Kandambili, Daktari! Si buti la jeshi.

Alipokuja kupewa rufaa, mitoki ya kinenani ilikuwa imeshavimba. Wakachukua kinyama, kikaenda maabara, jibu likarudi melanoma, ile saratani ya ngozi iliyo hatari sana. Amekatwa mguu chini ya goti na bado anaendelea na matibabu. Jiko lake limefungwa. Watoto wake wawili nimewachukua mimi, na unajua mwenyewe kubadilisha soli kunalipa kiasi gani.

Nimekaa sana kwenye mabenchi ya Ocean Road, hospitali ya saratani, nikimsubiri, na ukikaa pale na masikio yako yakiwa wazi utatoka na elimu. Kumbe sisi weusi melanoma hutujia zaidi kwenye nyayo, viganja na chini ya kucha, mahali ambapo jua wala halina kosa kubwa. Bob Marley, ambaye picha yake iko nyuma ya nusu ya bajaji za mji huu, melanoma yake ilianzia kwenye kidole cha mguu. Walidhani ni jeraha la mpira. Alifariki 1981, ana miaka 36. Ndugu yetu mwenye ualbino ndiye jua linamla: midomo, masikio, shingo, uso. Kwake hata gamba dogo linalokwaruza kama msasa ni la kuangaliwa, na likiwahiwa huweza kugandishwa kwa naitrojeni kabla halijawa saratani. Na lile donda ndugu la miaka, au kovu la moto lililoanza kuchimbika upya, nalo linaweza kugeuka.

Nisieleweke vibaya, si kila doa ni saratani. Mengi ni alama za kuzaliwa na sugu za kawaida. Hata mistari ya kahawia kwenye kucha wengi tunayo na haina neno. Wa kutiliwa shaka ni ule mstari unaopanuka, au weusi unaovuka ukucha na kuingia kwenye ngozi ya pembeni. Na doa la kutiliwa shaka ni lile ambalo upande mmoja haufanani na mwenzake, lenye rangi zaidi ya moja, lililozidi milimita 6, na hasa linalobadilika. Tena kwenye nyayo huweza kuwa dogo kuliko hapo na bado likawa baya. Haya nayasema mimi, darasa la saba. Mteja akivua raba nimshonee, naangalia unyayo. Bila kujisifu, naona nyayo nyingi kuliko zahanati nzima.

Kwa nini siku ya ngozi imekufa? Nina mashaka yangu. Labda fedha zake ndizo zilizojenga ule uzio wenye nondo zilizopakwa dhahabu. Labda aliyepangiwa kazi hiyo amehamishwa na faili lake. Au labda mmeamua kwamba ngozi nyeusi haipati saratani ya ngozi, maneno niliyoyasikia kwa masikio yangu kutoka kwa mtu aliyevaa koti jeupe. Wataalamu hatujakosa nchini: hospitali ya KCMC Moshi kuna kituo cha kufundisha mambo ya ngozi tangu 1992, na hukohuko Moshi hutengenezwa Kilisun, mafuta ya kuwakinga wenye ualbino na jua. Na mnapotaka, mnaweza. Mwaka 2018 chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi ilipoanza kwa wasichana wa miaka 14, ujumbe ulifika kwa spika mpaka kwetu vichochoroni. Spika zile ziko wapi?

Nilipoanza kuandika nilitaka kuomba mengi. Kioo cha kukuzia chenye taa, mtaalamu kila mwezi, mafuta ya jua yasiyokatika, kofia pana za bure, rufaa isiyozungushwa. Bado nayataka yote. Lakini nimeona nikiyapanga hivi yatakwenda mezani kulekule. Kwa hiyo naomba moja tu, halina ununuzi wala zabuni: waagize watu wako watuvue viatu. Mtu akiingia chumbani, avue viatu, avue kofia, anyooshe viganja. Waangalie nyayo, katikati ya vidole, kucha, nyuma ya masikio. Dakika mbili. Dirisha lipo, mwanga wa jua ni bure. Wakiona cha kutilia shaka waandike rufaa siku hiyohiyo, wasiandike tyubu. Tuvueni viatu, Daktari. Hilo tu. Tuvueni viatu.

Yule kijana wa jirani bado anaipaka ile dawa ya fangasi. Mama yake amegoma kurudi pale, na anakusanya nauli ampeleke kwingine. Juni 13 ni Siku ya Kimataifa ya Uelewa kuhusu Ualbino, najua mtakuja na fulana. Mwaka huu fulana acheni, mleteni mtu wa kumwangalia sikio. Kama unaweza kabla ya hapo, taja tarehe, ibandikwe dirishani, nasi tutakuja na miguu imeoshwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi viatu

Nakala: Mheshimiwa Diwani (aliyekaa kulia kwako siku ya uzinduzi)