Risala ya Klabu ya Historia kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kuzindua Nguzo Mpya ya Kumbukumbu ya Mgodi wa Sekenke

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Kijiji, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazee wetu, wachimbaji wadogo, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Awali ya yote tunamshukuru Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha hapa tukiwa wazima. Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana Sekenke. Umeacha kazi nyingi mezani ukaja kusimama nasi juani, na sisi wanafunzi tunalipokea jambo hilo kama heshima kubwa.

Wasafiri wengi wa barabara ya Singida kwenda Nzega wanalijua jina la Sekenke kwa sababu ya mlima wake na ajali za malori. Wachache wanajua kwamba mgodi wa dhahabu ulianza kazi hapa mwaka 1909, na kwamba huu ndio mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi yetu. Wakati huo Reli ya Kati ilikuwa bado haijafika hata Tabora. Ilifika mwaka 1912.

Vita Kuu ya Kwanza ilipopamba moto, manowari za Waingereza zilifunga pwani na serikali ya Wajerumani ikaishiwa sarafu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli pale Tabora, dhahabu ya Sekenke iligeuzwa kuwa sarafu ya rupia 15, rupia ikiwa fedha ya koloni wakati huo. Upande mmoja kuna tembo aliyeinua mkonga, na nyuma yake Mlima Kilimanjaro. Upande wa pili kuna tai wa Wajerumani, na chini yake herufi T, yaani Tabora. Zilitengenezwa sarafu 16,198 tu. Mwezi Septemba mwaka huohuo majeshi ya Wabelgiji yakaingia Tabora, na utengenezaji wa sarafu hizo ukaishia hapo. Leo sarafu hizo zinanadiwa Ulaya na Marekani kwa fedha nyingi. Wanaozinunua wanalijua jina la Sekenke, huku mtoto wa hapahapa akimaliza darasa la saba bila kuambiwa.

Mgodi uliendelea chini ya Waingereza hadi ulipofungwa mwaka 1959. Kambi yake imekwisha. Anayepita leo huona maduara, yaani mashimo, na makarasha, yaani mashine za kusaga mawe, ya wachimbaji wadogo, na ni vigumu kujua kipi ni cha zamani na kipi ni cha juzi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ndiyo maana wenzetu waliotutangulia katika klabu hii walisimamisha kibao cha chuma mahali hapa. Kibao hicho kiliibwa. Aliyekiiba alikuja na msumeno wa chuma, akakata miguu yote miwili karibu na ardhi na kutuachia vipande vya bomba vyenye ncha kali. Tunaamini kilipimwa kwenye mizani ya chuma chakavu kama sufuria iliyotoboka. Liliumiza sana jambo hili.

Tulipoamua kukirudisha, tulikubaliana kitu cha kwanza: kisiwe na kipande kinachouzika. Wazazi walichanga saruji, wachimbaji wadogo wakatoa kokoto na maji, na fundi mwashi wa kijiji akatufundisha kazi. Tulichonga herufi za mbao, tukazipaka oili chafu zisinate, kisha tukazigongomea ndani ya boksi la mbao zikiwa zimegeuzwa, ili zege likikauka zisomeke sawasawa. Kwa hiyo maandishi utakayoyaona hayakupakwa rangi wala hayakubandikwa. Yamezama ndani ya zege lenyewe.

Jambo la pili lilikuwa maneno. Kibao cha zamani kilitaja Wajerumani walioanzisha na Waingereza waliofunga. Hakikuwataja waliochimba. Siku tunapanga maneno mapya, mzee mmoja alikaa nasi akaomba tuandike jina la baba yake, aliyefanya kazi humu shimoni. Tulitamani sana kumkubalia palepale. Lakini tungeandika jina moja tukaacha mamia, na watoto wao wapo, wengine wamekaa hapa mbele yako. Tukaamua nguzo iwe na pande nne na upande mmoja tuuache mtupu. Huo ni wa majina.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwa hapo tunahitaji mkono wako. Aliyekuwa na miaka 18 mgodi ulipofungwa sasa amevuka 80, na wazee wetu wanaondoka. Tunaomba utuunganishe na Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, ambako nyaraka za enzi za Wajerumani zimehifadhiwa, ili mwalimu wetu na wanafunzi wawili watafute kama kuna orodha yoyote ya wafanyakazi wa Sekenke. Hata ukurasa mmoja utatufaa.

Aidha, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inayalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya mwaka 1863. Mabaki ya Sekenke ni ya baadaye, kwa hiyo hayalindwi mpaka Waziri ayatangaze. Tunaomba ofisi yako itusaidie kupeleka ombi hilo. Hatutaki wachimbaji wadogo waondolewe, kwani ni wazazi wetu na ada zetu zinatoka humo. Tunaomba sehemu ndogo ipimwe na kuwekewa mipaka tukikubaliana nao.

Mwisho, wanunuzi wa vyuma chakavu wilayani waagizwe kuandika jina la kila anayewauzia.

Baada ya kusema hayo, tunakuomba usogee utuzindulie nguzo yetu, na yule mzee tunamwomba asimame pamoja nawe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba kuwasilisha.

Wanachama wa Klabu ya Historia