Mfereji wetu wa mboga

Mbeya, Alhamisi jioni

Mwenzangu mpenzi,

Sisi ni wazima. Naanza na hilo maana najua umepiga simu siku mbili bila kupokelewa. Simu yangu ilibaki ndani ya nyumba, na sote tulikatazwa kurudi.

Lile ghala la pembejeo kule chini karibu na reli, ambalo ulikuwa ukiziba pua kwa sweta tukilipita kwenda shule, limeungua usiku wa kuamkia Jumatatu.

Kilichoniamsha ni harufu. Dawa ya viazi ile ile tuijuayo, ila hii ilikwaruza koo na macho yakachuruzika. Nikatoka nje. Moshi haukuwa unapanda, rafiki yangu. Unaijua baridi yetu ya Julai inavyotuama bondeni usiku; moshi nao ulilala humo humo, juu ya mabati. Na watu walikuwa wanakimbilia huko huko bondeni, kwa kuwa ndiko barabara inakoelekea! Mzee mmoja aliyeendesha malori ya Tunduma miaka mingi alisimama njia panda na tochi, akapaza sauti hadi ikamkauka: "Pandeni mlimani! Sumu inalala chini!" Msikiti ukatangaza kwa spika, kanisa likapiga kengele.

Lakini aliyetuokoa hasa ni mjumbe wetu. Mama yule hana daftari, mtaa mzima ameuweka kichwani. Alijua nyumba ipi ina babu aliyepooza, ipi ina mzazi mwenye kichanga cha siku tatu. Alijua kwamba fundi viatu wetu hasikii, hata ungegonga mlango mpaka asubuhi, akawaamuru vijana wa bodaboda wavunje dirisha. Walimbeba akiwa bado hajaelewa kuna nini. Tulipofika madarasa ya shule kule juu akatuhesabu nyumba kwa nyumba, mara mbili, akilia huku anahesabu. Hakupungua mtu. Watoto kadhaa walipelekwa hospitali kwa vifua, nao wamesharudi. Alfajiri akina mama wa mitaa ya juu wakatuletea uji na mablanketi bila kuombwa.

Sasa lililonifanya niandike ni maji. Zimamoto walimwaga maji mpaka kukapambazuka, na yote yakateremkia kwenye mfereji. Jumanne ulikuwa mweupe kama maziwa, una povu, na vyura wamekufa pembeni. Nikamkumbuka mwalimu wetu wa kemia na habari ya Uswisi: ghala la Sandoz karibu na Basel, tarehe 1 Novemba 1986. Moto ulizimwa, lakini maji ya kuuzimia yalikokota kama tani 30 za sumu hadi mto Rhine. Mto ukawa mwekundu, samaki aina ya mikunga wakafa kwa mamia ya kilomita. Baada ya hapo ndipo wenzetu wakaanza kujenga mabwawa ya kuyazuia maji ya namna hiyo. Hapa kwetu ghala limekaa miaka yote hiyo mita chache kutoka kwenye mfereji unaonyweshea chainizi na mchicha wa Mwanjelwa, na hakuna jirani aliyewahi kuambiwa mna nini ndani. Hilo linaniuma kuliko moto wenyewe.

Akina mama wa bustani hawakungoja kupimiwa. Walikaa chini ya mparachichi wakakubaliana: hakuna kuchuma. Mmoja alikuwa ameshapokea hela ya mchuuzi, matuta manane. Akairudisha yote, na ada ya mwanawe ilikuwa humo humo. Nilimshika mkono, maneno yakanikosa.

Wataalamu wa maabara wamechukua chupa za maji na udongo, majibu bado. Jumapili saa nane kuna mkutano wa mtaa. Tunataka mwenye ghala aje na orodha ya kila kilichokuwemo. Lakini orodha ikija, nani atatusomea? Wewe ni bibi shamba, majina hayo unayajua. Utuambie ipi inakaa kwenye udongo muda mrefu na ipi inakwisha upesi, kama ng'ombe walioshakunywa wakamuliwe au la, na matuta yale yafukiwe au yang'olewe.

Panda basi la asubuhi kutoka Njombe, nitakusubiri Uyole. Ukipita Makambako ninunulie mboga za majani, fungu kubwa. Yule mzazi mwenye kichanga anakula maharage makavu tangu Jumatatu.

Ndaga fijo, mwenzangu. Nakusubiri.

Rafiki yako wa dawati moja