Wafu wa Goma hawakuwa Makaburu

Kwa Mhariri,

Tarehe 21 Mei 2025 Rais Donald Trump alimpokea Rais Cyril Ramaphosa wa Afrika Kusini ofisini kwake mjini Washington, na mbele ya kamera akaanza kupekua rundo la makala zilizochapwa kutoka mtandaoni, akiziinua moja baada ya nyingine kuwa ushahidi kwamba wakulima weupe wa Afrika Kusini wanaangamizwa. Moja ya makala hizo ilikuwa na picha ya watu waliovaa mavazi ya kujikinga, wakinyanyua mifuko ya maiti. Trump akasema kuwa hao wote ni wakulima weupe wanaozikwa. Haukupita muda shirika la habari la Reuters likaeleza kwamba picha hiyo ilitolewa kwenye video yake lenyewe, iliyopigwa Goma, mashariki ya Kongo, na kutangazwa tarehe 3 Februari mwaka huohuo, siku ambazo mji wetu ulikuwa ukikusanya maiti zake baada ya waasi wa M23 kuingia. Hata mhariri wa chapisho lililotoa makala ile alikubali kwamba rais alikosea kuitambulisha picha.

Ninaandika kwa sababu jambo hili lilipita huku kwetu kama kichekesho. Watu walirushiana ile video kwenye simu, wakacheka kwamba mkuu wa dola kubwa namna hii haijui hata ramani ya Afrika, kisha kila mmoja akarudi kwenye shughuli zake. Mimi sioni cha kuchekesha, wala sioni sababu ya kuinamisha kichwa mbele ya cheo cha mtu aliyewachukua wafu wetu, akawavua ngozi yao, akawavisha nyingine, kisha akawalilia.

Anayeishi Goma anaijua ile mifuko. Ile niliyoiona mimi ilikuwa myeupe, yenye zipu katikati, na vijana wa Msalaba Mwekundu walikuwa wameiandika juu kwa kalamu ya wino mzito: namba, mahali maiti ilipookotwa, na kwa wachache waliobahatika, jina. Jirani yangu wa Mabanga alimtambua kaka yake kwa ndala tu, kwa sababu ilikuwa imekatika mkanda na marehemu mwenyewe alikuwa ameifunga kwa kipande cha kamba ya kijani asubuhi ya siku aliyotoka kutafuta maji. Umoja wa Mataifa ulitaja maiti zinazokaribia 3,000 katika siku zile chache. Wengi walizikwa haraka, katika mistari, chini ya misalaba ya mbao isiyo na jina, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika, vyumba vya kuhifadhia maiti vilikuwa vimejaa, na madaktari walihofia maradhi. Wapo akina mama mjini humu ambao mpaka leo hawajui walie kwenye msalaba upi. Mtu wa namna hiyo anapomwona rais wa Marekani akionyesha dunia picha ya mazishi ya Goma na kusema ni ya watu wengine kabisa, wa nchi nyingine na rangi nyingine, anaibiwa kitu cha mwisho kilichokuwa kimebaki, yaani ushahidi kwamba ndugu yake aliuawa.

Atakayesema kuwa ni karatasi tu zilizochanganyika, na azipange tarehe. Tarehe 20 Januari 2025, siku aliyoapishwa, Trump alitia saini amri ya kusimamisha mpango wa kuwapokea wakimbizi, na amri hiyo ilipangwa kuanza kutumika tarehe 27 Januari. Tarehe hiyohiyo 27 Januari ndiyo M23 walipotangaza kuwa wameuteka Goma. Familia za Wakongo zilizokwisha kuhojiwa, kupimwa afya na kupangiwa ndege, nyingine zikiwa zimekaa katika kambi za Uganda, Burundi na Tanzania zaidi ya miaka kumi, zilifutiwa safari zao, na ikumbukwe kwamba kwa miaka kadhaa kabla ya hapo Wakongo ndio waliokuwa kundi kubwa kuliko yote miongoni mwa wakimbizi waliopokelewa Marekani. Tarehe 7 Februari, Goma ikiwa bado inachimba makaburi, rais yuleyule akatia saini amri nyingine, ya kuwafungulia mlango Makaburu wa Afrika Kusini kama wakimbizi. Tarehe 12 Mei kundi lao la kwanza, watu wapatao 59, likatua uwanja wa Dulles kwa ndege iliyokodiwa na serikali ya Marekani, na Naibu Waziri wa Mambo ya Nje mwenyewe akaenda kuwalaki, watoto wakiwa na vibendera mikononi. Mwishoni mwa Oktoba serikali hiyo ikatangaza kwamba kwa mwaka mzima itapokea wakimbizi 7,500 tu, kutoka 125,000 waliowekwa na serikali iliyotangulia, na kwamba nafasi nyingi katika hizo ni za Makaburu.

Mkulima anayeuawa shambani kwake Afrika Kusini, awe mweupe au mweusi, ni mtu aliyeuawa, na familia yake inastahili pole na haki. Sina ugomvi na waliopanda ndege ile. Ugomvi wangu ni na siasa iliyoamua kwanza ni ngozi ya nani inayostahili huruma, kisha ikaenda kutafuta maiti za kuthibitisha uamuzi huo, na ilipozikosa za kutosha huko ilikozitaka, ikazichukua za kwetu.

Wala mwenendo huu haukuanza na Trump. Kongo imetumiwa katika ugomvi wa rangi wa Marekani tangu kabla haijawa dola. Mwezi Aprili 1884 Marekani ilikuwa taifa kubwa la kwanza kuitambua bendera ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji katika nchi hii, na mmoja wa waliopigania jambo hilo katika Seneti alikuwa John Tyler Morgan wa Alabama, jenerali wa zamani wa jeshi la majimbo yaliyopigana kulinda utumwa. Morgan hakuwa na habari na Leopold wala na sisi. Alitaka mahali pa kuwapeleka Wamarekani weusi ili wasibaki kupiga kura na kudai haki huko kusini mwa Marekani. Kwa ajili ya hofu ya watu weupe wa Alabama, babu zetu wakasaidiwa kutiwa mikononi mwa mtu aliyewakata mikono kwa ajili ya utomvu wa mpira. Miaka ishirini na miwili baadaye, Septemba 1906, Mkongo aliyeitwa Ota Benga aliwekwa katika jumba la nyani la bustani ya wanyama ya Bronx, mjini New York, maelfu ya watu wakaenda kumtazama. Waliomtoa humo ni wachungaji weusi wa mji ule, wakiongozwa na James Gordon, ambao walipiga kelele mpaka wakuu wa bustani wakaona haya. Ota Benga alijiua mwaka 1916 huko Lynchburg, Virginia, bila kuiona tena nchi yake.

Ninawataja wachungaji wale kwa makusudi, kwa sababu Marekani si rangi moja wala sauti moja, na sisi tunaosema kwa urahisi kwamba Wamarekani weusi hawatujui tunawadhulumu. George Washington Williams, Mmarekani mweusi aliyepigana akiwa kijana katika vita vilivyomaliza utumwa, alifika mwenyewe mpaka Kisangani ya leo na mwezi Julai 1890 akamwandikia Leopold barua ya wazi akimshtaki kwa mauaji, wizi wa ardhi na utumwa, wakati wakubwa wa Ulaya walikuwa bado wanamsifu mfalme huyo kuwa mfadhili wa Waafrika. Tarehe 15 Februari 1961, habari za kuuawa kwa Patrice Lumumba zilipokwisha kutangazwa, ni Wamarekani weusi waliosimama katika ukumbi wa Baraza la Usalama mjini New York na kuvunja kikao kwa kilio na ghadhabu, wakaburutwa nje na walinzi. Hao walijua wanamlilia nani.

Trump alijijenga kisiasa juu ya uongo mwingine unaotuhusu sisi wa Afrika Mashariki na Kati kuliko tunavyokubali. Mwaka 2011 alizunguka kwenye televisheni akidai kwamba Barack Obama, aliyezaliwa Honolulu mwaka 1961, huenda alizaliwa Kenya na kwa hiyo si rais halali, mpaka mwezi Aprili mwaka ule Obama akalazimika kutoa hadharani hati yake kamili ya kuzaliwa. Afrika hapo iligeuzwa kuwa tuhuma, kana kwamba kuwa na baba kutoka huku ni jambo ambalo mtu sharti ajitetee nalo. Katika kampeni ya 2024 ikawa zamu yetu: alirudia tena na tena, bila kutoa ushahidi wowote, kwamba Kongo imefungua magereza yake na kuwamwagia Wamarekani wahalifu. Sisi wa Goma tunajua ilivyo gereza letu linapofunguka. Usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 2025 wafungwa walitoroka Munzenze, wanawake waliokuwa wamefungwa humo wakabakwa, sehemu yao ikachomwa moto, na zaidi ya mia moja kati yao wakateketea pamoja na watoto wao. Hilo ndilo tukio la kweli la magereza ya Kongo, na sikusikia likitajwa Washington hata mara moja na mtu aliyekuwa akiyataja magereza hayo kila mkutano.

Hapa najua wapo wasomaji watakaodhani ninawapigia debe chama cha Democratic. La. Goma ilitekwa na M23 kwa mara ya kwanza tarehe 20 Novemba 2012, wiki mbili baada ya Obama kushinda muhula wa pili. Huyu ndiye aliyekuwa amedhamini, akiwa seneta, sheria ya Marekani kuhusu Kongo iliyotiwa saini na Rais Bush mwishoni mwa 2006, ambayo ndani yake imo ruhusa ya kuinyima msaada nchi yoyote inayovuruga usalama wa Kongo. Alikuwa na cheo, alikuwa na sheria aliyoipigania mwenyewe, na alikuwa na taarifa za wataalamu wa Umoja wa Mataifa juu ya mkono wa Rwanda katika uasi huo wa M23. Hatua iliyotangazwa Julai 2012 ilikuwa kuizuilia Rwanda dola 200,000 za msaada wa kijeshi, fedha ambazo hazitoshi hata kununua malori machache ya jeshi. Rangi ya rais haikutuletea kitu. Walioweka matumaini yao katika ngozi ya Obama walikosea kama wanavyokosea leo wale wa soko la Virunga hapa Goma wanaosema kwamba Trump ni mwanaume kwelikweli na atamaliza vita, kwa kuwa Juni na Desemba 2025 aliwakutanisha Wakongo na Wanyarwanda wakatia saini mikataba mjini Washington, madini yakiwa mezani. Mimi ningefurahi vita viishe hata kwa mkono wa nisiyempenda. Lakini anayetaka kunipatanisha na ajue kwanza waliokufa ni nani.

Kuna jambo la nyumbani ambalo linauma kulisema, hasa katika hali ya mji wetu wa sasa, na nitalisema kwa ufupi. Wapo kati yetu wanaompima jirani kwa pua na urefu, wakamwambia arudi Rwanda ilhali babu yake alizikwa hapahapa Kongo, Masisi au Minembwe. Mtu kama huyo hana kauli ya kumlaumu Trump kwa hati ya Obama, kwani anafanya jambo lilelile, na huku kwetu linamalizika kwa panga.

Basi nina maombi mawili, Bwana Mhariri. La kwanza ni kwako na kwa wenzako wa magazeti ya Nairobi, Dar es Salaam na Bujumbura: kila mtakapoirudia habari ya mkutano ule wa Trump na Ramaphosa, chini ya picha andikeni kwamba ni Goma, Februari 2025, na kwamba wanaobebwa ni Wakongo. Msiandike kwamba picha ina utata, kwa maana haina.

La pili ni kwa ndugu zetu walioko Dallas, Louisville, Phoenix, Portland na kwingineko, waliokwisha kupata uraia na watakaopiga kura ya Bunge mwezi Novemba 2026. Mnapigiwa simu na wagombea, mnaalikwa makanisani kwenu, mnapigwa nao picha. Muulizeni kila mmoja, wa chama chochote, mbele ya watu na kwa jina la kambi, kama ni Nyarugusu iwe Nyarugusu, kama ni Kyangwali iwe Kyangwali: mafaili ya Wakongo waliokuwa wamekubaliwa kabla ya tarehe 20 Januari 2025 yatafunguliwa lini, na yeye atapiga kura gani. Asiyejibu, msimpe yenu.

Jina langu unalo. Kwa hali ilivyo hapa naomba lisichapwe.

Mwalimu wa sekondari,
Katindo, Goma