Injini haishiki resi? Anza na hewa kabla ya kufungua gavana

Gavana nyingi (kifaa kinachotawala mwendo wa injini) hutufikia karakanani hapa Tanga zikiwa ndani ya kiroba, zimeshafunguliwa, springi moja haipo, na maelezo ni yaleyale: "Injini haishiki resi, gavana imekufa." Tukiifunga kwenye meza ya majaribio, mara nyingi gavana ni nzima. Shida iko kwenye hewa inayoipa amri, na hewa hiyo imebaki kule kwenye boti.

Ndani ya gavana kuna vyuma vizito vinavyozungushwa na injini yenyewe. Injini ikichanganya, vinatanuka. Ikilegea, vinarudi ndani. Springi inavibana kutoka upande wa pili, basi ni mchezo wa kuvuta kamba. Nguvu zikilingana, vali ndogo ya oili inakaa katikati na raki ya mafuta (fimbo inayoongeza au kupunguza dizeli) haisogei. Mzigo ukizidi, injini inapungua mwendo, springi inashinda, oili inasukuma pistoni na raki inaongeza mafuta. Mzigo ukitoka, mambo yanageuka. Kanuni hii ni ya zamani. James Watt alikuwa ameshaifunga kwenye injini ya mvuke mwaka 1788.

Kwa hiyo anayeamua mwendo ni springi. Ukiibana zaidi, injini itatafuta mwendo mkubwa zaidi. Kwenye jenereta tunaibana kwa skrubu au kimota kidogo. Kwenye boti kubwa nahodha yuko juu na injini iko chini, ndipo hewa inapoingia kazini. Mkono wa resi unafungua regureta (vali inayopima shinikizo la hewa), hewa inashuka kwa kibomba chembamba hadi kwenye gavana, inasukuma daiframu (utando unaonyumbulika), na daiframu inabana springi.

Shinikizo la hewa lililozoeleka ni psi 3 hadi 15 (psi ni kipimo cha shinikizo), ingawa zipo gavana zinazotaka zaidi. Soma kibao chake. Halikuanzia sifuri kwa makusudi: psi 3 maana yake "kaa sailensi", yaani mwendo wa chini kabisa, sifuri maana yake bomba limekatika. Hewa ikikosekana kabisa, gavana nyingi za aina hii hushusha injini hadi sailensi au huizima, kutegemea ilivyopangwa.

Sasa piga hesabu. Tuseme injini yako imepangwa mizunguko 400 kwa dakika ikipata psi 3 na 1,000 ikipata psi 15. Kila psi moja ni mizunguko 50. Nati moja ikivuja psi 2 tu njiani, umepoteza mizunguko 100, nahodha anasukuma mkono hadi mwisho, boti haiendi, na lawama anapewa aliyeuza dizeli.

Pwani yetu haina huruma na mabomba haya. Msimu wa masika kompresa inavuta hewa iliyojaa unyevu, na unyevu huo unageuka maji ndani ya tangi. Fungua koki ya chini uone yanavyotoka, meupe kama yamechanganyika na oili. Yasipomwagwa yanaingia kwenye kibomba, yanatulia penye kona, na injini inaanza kupanda na kushuka yenyewe. Mwaga kila asubuhi kabla ya kuwasha. Kwenye maungio ya shaba yaliyoota ukijani wa chumvi, paka povu la sabuni uone panapovuja.

Kipimo cha uhakika ni geji. Ifunge pale hewa inapoingia kwenye gavana, mtu mmoja asogeze mkono taratibu huku wewe unatazama. Sindano ikichezacheza au ikigoma kufika juu, tatizo ni hewa. Ikipanda vizuri na injini isifuate, kagua kwanza kama raki na fimbo zake zinateleza bila kukwama, na kama oili ya gavana ni safi. Hapo ndipo utuletee gavana. Ile skrubu ya sindano pembeni ya gavana, inayobana njia ya oili, usiiguse kwa kubahatisha. Tumeona injini zikitulizwa kwa kuikaza hadi mwisho, kisha gavana ikawa nzito kufuata mzigo.

Tahadhari kwa wenye Land Cruiser na Mercedes za dizeli za zamani. Baadhi yao zina gavana inayotumia mvuto wa hewa kutoka njia ya kuingizia hewa ya injini, na mvuto huo ndio unaopunguza mafuta. Huko bomba likichomoka au daiframu ikipasuka, injini haizimi, inapiga resi yenye kutisha. Usiwashe gari hilo kabla ya kukagua kibomba chake.

Tunakuja botini na geji zetu, tunapima njia yote ya hewa kwanza, na gavana tunaifungua ikibidi tu. Ukiamua kuileta mwenyewe, piga alama kwenye mkono na shafti yake kabla ya kuchomoa, ziba matundu kwa kitambaa safi, usiioshe kwa petroli, na uje na picha ya kibao cha injini.