Usiisaini Hiyo Karatasi

Tanga, Jumapili usiku

Mwanangu,

Jana uliposema "shikamoo mama" tu, nilijua umelia kabla ya kupiga simu. Mshahara wa shilingi 620,000 ushuke hadi 450,000, mnaitwa ofisini mmoja mmoja kusaini karatasi ya kukubali, na asiyetaka anaonyeshwa mlango! Usiisaini hiyo karatasi.

Mkataba mliuweka wawili, wewe na mwajiri wako, naye hawezi kuugeuza peke yake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 15, inamtaka mwajiri anapobadili masharti ashauriane nawe, kisha akujulishe kwa maandishi. Kifungu cha 28 kinamzuia kukata mshahara kiholela. Kodi, mchango wa mfuko wa hifadhi ya jamii NSSF, amri ya mahakama, deni ulilolikubali kwa maandishi, hayo sawa. Kwamba biashara imedorora, hilo halimo. Kama kweli hali ni mbaya, awakalishe muongee. Na ukikubali kupunguziwa, iandikwe ni kwa miezi mingapi.

Nakuambia haya kwa sababu mimi nilisaini. Mwaka 2009 kiwandani walitushusha mshahara, nikaogopa, nawe ulikuwa unaanza shule. Miaka miwili baadaye wakatupunguza kazini. Malipo ya kuachishwa ni angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliofanya kazi, mwisho miaka kumi, wakapigia hesabu ule mshahara mdogo. Nilipolalamika, afisa utumishi alifungua faili, akaweka kidole juu ya sahihi yangu. Wino wa bluu, herufi zimetetemeka. Sikuwa na la kusema. Michango yangu ya NSSF nayo ilikuwa imeshuka miaka yote miwili.

Kwa hiyo kesho andika barua, mistari miwili inatosha: sikubaliani na punguzo hili, naendelea na kazi kwa masharti ya mkataba wangu. Peleka nakala mbili, moja wagonge muhuri wa kupokea, urudi nayo. Usinyamaze, maana ukipokea pesa pungufu mwezi baada ya mwezi watasema uliridhika. Wala usiache kazi kwa hasira. Nenda kila siku, kwa wakati, ufanye kazi yako vizuri.

Wakikata kweli, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, inayoamua migogoro ya kazi, ujaze Fomu Namba 1 ya kupeleka mgogoro. Una siku 60. Wakikufukuza kwa kukataa, ni siku 30 tu, usizichezee. Zungumza na wenzako pia. Mkienda kumi hamtatishwa kama mtu mmoja.

Ile bahasha ya kaki uliyoniachia wakati wa sikukuu ya Idi ina nakala ya mkataba wako na karatasi za mshahara za mwaka jana. Nimezitoa nakala nyingine, nitakutumia kwa basi la kesho asubuhi. Zipokee stendi ya Mbezi mchana, na unipigie ukishazishika mkononi.

Mama yako