Pimeni presha ya oili kabla ya kununua tabo nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua niseme na wenye magari ya tabo (turbo, kifaa kinachozungushwa na moshi wa injini ili kuisukumia hewa zaidi), pamoja na mafundi wenzangu, kuhusu kosa linalorudiwa kila siku gereji. Gari linawasha taa nyekundu ya oili yenye umbo la birika, au tabo inaanza kupiga mluzi na kutoa moshi wa bluu. Inafunguliwa, shafti inakutwa inacheza, inanunuliwa nyingine, inafungwa. Wiki chache baadaye mpya nayo imekufa, na lawama anatupiwa muuza spea. Mara nyingi muuza spea hana kosa. Tabo ilikufa kwa kiu, na aliyefunga ya pili hakuuliza kwa nini oili haikufika.

Shafti ya tabo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na kwenye tabo ndogo hufika hata 200,000. Nyingi hazina gololi. Shafti inaelea juu ya utando wa oili mwembamba kuliko unywele. Krenki, shafti kuu ya injini, nayo inaelea vivyo hivyo, ila yenyewe inazunguka mara elfu mbili tatu tu na haina moshi wa nyuzi joto mia sita au saba ukipita pembeni yake. Presha ikishuka, tabo ndiyo inayotangulia kulia. Krenki inafuata.

Sasa hiyo taa. Kwenye magari mengi swichi huiwasha pale tu presha inapokuwa imeanguka hadi psi 4 au 7 hivi (psi ni kipimo cha presha). Injini inayotakiwa kuwa na psi 40 barabarani inaweza kukimbia na 15 kutoka Moshi hadi Dar es Salaam na taa isiwake hata mara moja. Kwa hiyo taa iliyozimika haithibitishi chochote. Ikiwaka ukiwa safarini, egesha mahali salama na uzime hapo hapo. Ule ushauri mzuri wa kuiacha injini izunguke dakika moja au mbili ili tabo ipoe hauhusiki hapa, maana bila oili kila sekunde inakula beringi, vile vikalio ambamo shafti huzunguka. Na gari livutwe. Lisiendeshwe pole pole mpaka gereji.

Kabla ya kushika spana, angalia vya bure. Gari likiwa sehemu tambarare, zima injini, subiri dakika tano, chomoa dipstiki. Oili ikiwa imepungua, jaza kisha tafuta ilikokwenda. Ikiwa imepanda bila mtu kuongeza, inuse: harufu ya dizeli maana yake nozeli, yaani kinyunyizio cha dizeli, inavuja, au gari lina chujio la masizi linalojisafisha kila mara kwa sababu ya safari fupi za mjini. Oili iliyoingiwa na dizeli huwa nyepesi na presha yake hushuka injini ikipata moto. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji, na hapo tatizo lako ni jingine kabisa. Iliyozidi alama ya juu nayo ina madhara: krenki inaipiga mpaka itoke povu, na pampu haiwezi kusukuma povu.

Baada ya hapo, geji. Si ya dashibodi, wala kuamini kinachosomwa na kompyuta peke yake, bali geji ya mkono yenye mpira, ya psi 0 hadi 150. Unachomoa swichi ya oili kwenye injini na kufunga geji mahali pake. Angalia uzi wa bolti kabla ya kukaza. Toyota nyingi zinatumia uzi wa inchi 1/8 wa aina ya BSPT, yenye meno 28 kwa inchi, wakati geji nyingi zinazouzwa zina 1/8 ya NPT, yenye meno 27. Inaingia mizunguko miwili, inang'ang'ania, fundi mwenye misuli anaongeza nguvu, na tundu limeharibika. Nunua adapta.

Washa injini ikiwa ya baridi na hesabu: mshale unatakiwa kupanda ndani ya sekunde mbili au tatu. Kisha iache ipate moto kamili, na si maji tu kufika katikati ya geji, kwa sababu oili hupata moto polepole kuliko maji. Zungusha gari dakika 15, rudi, usome ikiwa bila resi, halafu kwa mizunguko 2,000 kwa dakika, halafu 3,000. Mwamuzi ni kitabu cha gari. Pasipo kitabu, kanuni ya zamani ya mafundi ni psi 10 kwa kila mizunguko 1,000 injini ikiwa ya moto.

Namba moja haitoshi. Mwendo wa mshale ndio unaosema mengi. Presha nzuri ikiwa baridi, ikaanguka kwenye moto bila resi lakini ikapanda vizuri ukikanyaga, hiyo ni nafasi iliyopanuka kwenye beringi za krenki na konrodi (mikono inayoshika pistoni), au oili iliyopoteza uzito wake. Presha inayoonekana safi bila resi, halafu inaposhtuliwa hadi 3,000 inasimama au inarudi chini, haitoki kwenye beringi: pampu inataka oili nyingi zaidi na chujio la kunyonyea lililo ndani ya sampu, karai la oili chini ya injini, haliruhusu. Mshale unaotetemeka unaonyesha hewa inayonyonywa mahali fulani, mara nyingi kwenye oringi ya bomba la kunyonyea. Inayochelewa asubuhi tu na baadaye kuwa nzuri, tazama filta kwanza, kwa sababu filta za bandia nyingi hazina ule mpira wa kuzuia oili isirudi kwenye sampu usiku. Iliyo chini wakati wote, baridi na moto, ni pampu iliyolika au valvu ya kupunguzia presha iliyokwama wazi kwa kipande cha uchafu.

Hapo kwenye chujio la sampu ndipo nataka kukaa, kwa sababu barabara zetu zimejaa Hilux, Prado na Hiace zenye injini ya Toyota ya 1KD-FTV, ile ya lita 3.0 D-4D. Ni injini nzuri yenye ugonjwa mmoja unaojulikana. Chini ya kila nozeli kuna washa ya shaba inayoziba moto wa silinda. Washa ikichoka, gesi ya moto inapenya kando ya nozeli na kuingia chini ya tapeti kava, kifuniko cha juu ya injini, mahali penye oili. Oili inaungua na kuwa lami, lami inakauka na kuwa vipande vya kaboni, vipande vinateremka hadi kwenye sampu na kuganda kwenye wavu wa chujio. Presha inashuka kidogo kidogo, tabo inaanza kulalamika, na siku moja injini inakamata.

Ugonjwa huu una dalili za mapema. Fungua kifuniko cha kujazia oili injini ikiwa inaunguruma: pumzi kidogo ni kawaida, lakini mapigo yanayotema kama chungu kinachochemka si kawaida. Chungulia ndani uone kama kuna lami nyeusi ngumu. Dalili nyingine ni taa ya birika kuchelewa kuzimika unapowasha injini mara ya kwanza baada ya kubadili oili, na kila huduma inachelewa zaidi. Kwa uhakika, mwaga oili na uingize kamera ndogo ya bomba kupitia tundu la nati ya kumwagia. Kwenye Hilux wavu unaonekana. Ukiona vipande vyeusi, shusha sampu ya chini, toa bomba la kunyonyea, safisha au weka jipya lenye oringi mpya. Na washa za nozeli zibadilishwe zote nne siku hiyo hiyo. Kusafisha chujio na kuacha washa zile zile ni kudeki huku bomba linavuja.

Kuna hali nyingine inayowachanganya wengi: geji inasoma vizuri kabisa na tabo bado inakufa. Hapo oili ipo kwenye injini lakini haifiki kwenye tabo. Bomba jembamba linaloilisha huziba kwa kaboni, hasa gari linapozimwa likiwa limetoka kupanda mlima na mzigo. Kwenye Subaru za tabo, Forester na Impreza za injini ya EJ, kuna wavu mdogo ndani ya bolti yenye tundu inayopitisha oili, na wengi hawajui kama upo. Chomoa mpira wa kurudishia oili, elekeza kwenye chupa, washa injini bila resi kwa muda mfupi: oili itoke mfululizo, si matone. Mpira huo huo ukiwa umepindwa au umezibwa na silikoni ya gasketi, oili inakosa pa kushukia na kupenya kwenye sili hata kama tabo ni mpya. Silikoni haina kazi yoyote kwenye mabomba ya oili ya tabo.

Kabla ya kuamua beringi zimeisha, fungua filta. Usiikate kwa msumeno, utajichanganya na unga wa msumeno wenyewe; tumia kikata filta au tindo. Kunjua karatasi juani, pitisha sumaku. Vinavyong'aa lakini havishikwi na sumaku, vya rangi ya fedha au shaba, ni beringi. Ukishusha kapu za beringi, pima nafasi kwa uzi wa plastiki unaobanwa: kwenye injini nyingi za ukubwa huu mpya huwa milimita 0.03 hadi 0.06, na ikikaribia 0.10 hakuna oili ya kuiokoa.

Ndiyo maana sikubaliani na dawa mbili zinazouzwa sana. Ya kwanza ni kumimina oili nzito, SAE 50, ili taa inyamaze. Kama wavu umeziba, oili nzito inapita kwa shida zaidi, na asubuhi tabo inasubiri muda mrefu kabla ya kulowa. Ya pili ni dawa ya kusafisha injini inayotiwa kabla ya kumwaga oili: kwenye injini yenye kaboni, inabandua kwa mkupuo kilichokuwa kimeshikilia ukutani na kukipeleka moja kwa moja kwenye chujio.

Tabo mpya ikilazimu, mwaga oili iliyobaki kwenye intakula (kipoza hewa inayotoka kwenye tabo), maana injini ya dizeli inaweza kuivuta na kukimbia yenyewe hata funguo zikiwa mfukoni mwako. Likitokea hilo, zibeni njia ya hewa kwa ubao, si kwa kiganja. Badili oili na filta, badili bomba la kulishia, mimina oili kwenye tundu la tabo huku ukizungusha shafti kwa vidole. Tenganisha umeme wa nozeli, piga stata kwa vipindi vya sekunde 10 mpaka geji ipande, ndipo uunganishe na kuwasha bila resi kwa dakika chache. Usomaji wa presha, baridi na moto, uandikwe kwenye risiti ya mteja. Baada ya kilomita 500, rudisha kamera kwenye tundu la sampu uone kama wavu bado ni msafi.

Fundi wa injini za dizeli,
Arusha