Barua kwa somo yangu aliyeko Lushoto

Makorora, Tanga
Jumapili jioni

Somo yangu mpenzi,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, ila joto. Wewe unayejifunika mablanketi mawili huko Lushoto hutanielewa mpaka ushuke Januari, kaskazi inapovuma na watu wanahamia barazani na mikeka yao.

Ujumbe wako wa uhamisho nimeupata. Kumbe unaripoti hospitali ya Bombo! Nilifurahi nikamhadithia hadi muuza mbaazi. Lakini pale uliposema nikutafutie chumba chenye choo ndani, "self ya bei poa, chochote tu", nilishtuka. Hilo neno "chochote" usije ukalitamka mbele ya dalali wa huku. Mimi nililitamka mwaka jana.

Alinileta hapa nilipo, elfu themanini kwa mwezi. "Dada, ukilala tu, kesho hukikuti." Nikamuuliza mbona ghali, akanitajia bomba la mafuta: eti linatoka Hoima, Uganda, kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, wageni wanamiminika na vyumba vinagombaniwa. Somo, Chongoleani iko ng'ambo ya ghuba, nami ni fundi cherehani. Hilo bomba linanihusu nini? Lakini nikalipa. Miezi sita ya mwenye nyumba, mwezi mmoja wa dalali, jumla 560,000, na elfu tano juu ya "kuonyeshwa".

Chumba nisikitukane. Kina tailizi, kina choo ndani, na choo hicho ndicho kilichonipumbaza. Kukaa nacho ndipo nikaona kwamba ukuta wake haufiki darini. Mgeni akiingia humo, mimi huongeza sauti ya redio ili sote tubaki na heshima zetu. Maji nayo yanatoka usiku wa manane, kwa hiyo self yote naiendesha kwa ndoo, kama tulivyokuwa tukifanya bwenini. Dirisha linatazama ukuta wa jirani. Upepo wa bahari nausikia kwa watu.

Lakini kilichoniliza ni LUKU, umeme wa kulipia kabla. Vyumba vinne, mita moja, na tunachanga sawasawa. Mama wa chumba cha mbele anauza barafu, ana friji mbili zinazounguruma usiku kucha. Mimi nina taa moja na cherehani ya kukanyaga kwa miguu! Kila uniti zikiisha, nachanga sawa na yeye. Nikamwendea mwenye nyumba, akanijibu, "Ongeeni wenyewe, ninyi si ndugu?" Mwisho tukamwita fundi umeme, kila chumba kikafungiwa mita yake ndogo ndani, tukajua nani anakula nini. Yule mama alininunia wiki mbili. Siku moja akabisha hodi na barafu ya ubuyu, yakaisha.

Sasa wewe. Utakuwa na zamu za usiku, kwa hiyo Kange usiifikirie, japo huko vyumba ni rahisi. Utakachookoa kwenye kodi utakimalizia kwa bodaboda. Raskazone ni jirani kabisa na Bombo, ila bei zake tuwaachie wenyewe. Ngamiani ndiko nilikokuzungukia juzi, barabara moja baada ya nyingine, mpaka viatu vikalalamika.

Nimepata kimoja, na najua utakunja uso: si self. Choo kiko uani, mnatumia wawili, wewe na mwalimu mmoja mstaafu anayefagia ua kabla ya adhana ya alfajiri. Bafu safi, nimeingia nikakagua hadi pembeni. Chumba kina mita yake. Nilirudi saa nane mchana, saa ya joto lenyewe, nikakaa ndani robo saa. Dirisha linapokea upepo na jasho halikunitoka. Nikafungua bomba uani, maji yakatoka. Kodi elfu arobaini. Bibi mwenye nyumba haombi miezi sita, anataka mitatu, na mkataba mtaandikishana mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Dalali hayumo, nilielekezwa na mteja wangu wa magauni.

Hiyo hela utakayobakiza nunua baiskeli. Mji wa Tanga ni tambarare, si kama milima yenu, na hapa hata mama mtu mzima na baibui lake anapanda na hakuna anayegeuka. Nakumbuka ulivyoanguka kwenye migomba ya shule. Nitakufundisha, ukianguka tena nitacheka kidogo tu.

Bibi nimemwomba akishikilie hadi Ijumaa. Nitumie 120,000, au kama roho yako bado iko kwenye choo cha ndani niambie mapema, maana kuna kijana wa bajaji keshakiulizia mara mbili. Ukishuka stendi ya Kange nipigie, nitakuja kukupokea. Godoro usibebe, huku yapo. Beba plamu.

Wasalimie nyumbani wote, na shangazi umwambie kanzu yake imekwisha, imebaki vifungo.

Ni mimi somo yako